Kuondoa Sumu

Mangweni kwa Kiti, kilabu cha pombe ya mnazi nyuma ya gereji karibu na Makupa, mnazi humiminwa na Tsuma. Ada ni ada: mwenye kumimina hunywa kwanza mbele ya wageni, aondoe sumu. Jumamosi hiyo Tsuma alikunywa, akajipangusa mdomo, akampa kaka yake Baya kibuyu na mrija. Hakujua kwamba Kiti ameongeza spiriti ya kiwandani mtungini.

Wanywaji walilala pale pale kwenye mabenchi. Asubuhi waliamka vipofu, wakawa wanajipigiza vichwa ukutani. Baya alipapasa hadi akamkaba Tsuma koo.

“Ulikunywa mbele yangu.”

“Nilikunywa, kaka.”

Baya akamng'ata mkono hadi mfupani, akafa bila kuachia. Meno yalifunguliwa kwa bisibisi ya gereji.

Majirani wakampiga Tsuma kwa mawe na mnyororo wa pikipiki, maana wanywaji wenzake walikufa wote, na asiyekufa ndiye mchawi. Alipopasuka ilitoka damu, na juu ya damu utando wa rangi ya waridi, ukivuma kama jiko la mafuta ya taa. Kiti, mwenye mtungi, hakuguswa hata ukucha. Inaudhi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Hospitalini, daktari Khairiya wa Mji wa Kale aliutazama utando ule kwa darubini, kisha akaendelea kumshona.

“Ni bakteria, mwanangu. Hukaa majanini, kwako wamehamia damuni. Mtu akinywa spiriti hiyo, mwili huigeuza fomalini, ile dawa ya maiti, kisha asidi inayoua macho. Hawa wako waila spiriti yenyewe. Fomalini ikizuka waidaka, wapokezana, nyengine wajijengea miili, nyengine waitoa ikiwa pumzi tu.”

“Na kaka yangu?”

“Alipokung'ata walimwingia. Walichelewa.”

Mochari, midomo ya Baya ilikuwa ya waridi. Fomalini aliyodungwa ililiwa yote, akadungwa tena, ikaliwa. Ikabidi azikwe upesi.

Baada ya matanga mangwe ilifunguliwa. Tsuma alisimama mlangoni.

“Msinywe. Kunywa kwangu hakuondoi kitu.”

Kiti alimvunja meno mawili kwa ngumi. Wanaume wawili wakamlaza chini, mmoja akamkalia kifua, Kiti akammiminia kinywani mbele ya watu. Tsuma alimeza mnazi na damu yake, akilia.

Wageni walingoja kidogo. Walipoona yu hai na macho yake yanaona, walinyoosha vibuyu vyao.