Mkao Nisiopewa

Nilipojiunga na darasa la yoga la Bi Sharadamma hapa Mysuru, sikuwa na nguo za mazoezi, sikuwa na kiuno cha kupinda, wala subira. Yeye humpa mwanafunzi mkao mmoja mmoja. Siku ya tatu nikaiga mkao wa jirani.

“Mzee Nanjundayya, huo kakupa nani?”

“Nimeuona tu, Mwalimu.”

“Macho yako yana njaa! Kunja mkeka. Ukijua kwa nini sijakupa, niandikie. Usipojua, usirudi.”

Nyumbani nikarudia mkao wa kwanza kila alfajiri, nikijichunguza. Siku ya tano nikagundua.

“Mwalimu,” niliandika, “hata mkao wa kwanza nilikuwa naufanya nimebana pumzi. Naomba nirudi, nianze na huo huo.”

Nikaifunga bahasha kwa gundi, nikaipeleka posta.