Abiria wa Kitalu cha Saba

Saa moja na robo asubuhi, kila siku ya kazi, Ambrosi Ntibalema alitoka na pikapu ya shamba la miwa la Mirongoi kupeleka barua Moshi mjini. Ilikuwa Peugeot 404 iliyokwisha kuchoka, na mwaka ule wa 1979 vipuri vilikuwa vya kutafutwa kwa tochi. Mshale wa joto ulitulia katikati mpaka alipofika kitalu cha saba. Hapo ulipanda hadi kwenye alama nyekundu, na wa mafuta ukaanza kucheza, mara robo, mara nusu. Mishale ilitulia tu gari liliposimama stesheni ya reli.

Kila mara Ambrosi aliteremka, akafunua boneti. Maji hayakuchemka. Rejeta haikuvuja. Alirudi kwenye usukani bila kuitazama miwa, maana alikuwa na sababu zake za kuogopa kitalu kile.

Alimwendea fundi Aminieli wa Njoro. Fundi alibadilisha thamostati, akasugua waya wa ethi, akaazima hata geji ya gari lingine. Mshale ukapanda vilevile. Mwishowe akaamua kupanda wasafiri pamoja. Walipopita kitalu cha saba, Aminieli aligeuka akatazama nyuma kupitia kioo kidogo.

"Geji yako nzima, mbe," alisema. "Inapima mtu."

"Mtu gani?"

"Huyo uliyempakia. Ana joto kuliko injini, na ameegemea kebini. Ndiyo maana na mshale wa mafuta unayumba. Waya wake unapita hapohapo."

Ambrosi alitazama kwenye kioo. Faustin Ruhoro, mkata miwa, alikuwa amekaa amekunja magoti, panga mapajani, shati limeungua bega moja. Faustin akamwitikia kwa kichwa. Walisimama wakampa maji kwenye kopo, lakini yalikauka kabla hayajamfikia mdomoni. Aminieli akasema kazi yake imeishia hapo, akashuka Njoro.

Mwezi Septemba, kabla ya hayo yote, kitalu cha saba kilichomwa moto tayari kwa kuvunwa, na hakuna aliyeita majina ya wakataji kwanza. Faustin alikuwa ndani. Siku tatu baadaye msaidizi wa meneja, Bwana Thadeus, alimletea Ambrosi karatasi iliyokwisha pigwa taipu: *Nilimpeleka Faustin Ruhoro stesheni ya Moshi akiwa mzima, kwa hiari yake.* Ambrosi alikuwa anakaa nyumba ya shamba, yeye, mke na watoto wanne. Alitia sahihi.

Sasa, stesheni, alizunguka nyuma ya gari.

"Unakwenda wapi kila siku, Faustin?"

"Nyumbani. Karatasi yako inasema ulinileta stesheni. Basi naja stesheni."

"Mbona hupandi treni?"

"Sina tiketi. Karatasi haikutaja tiketi. Inabidi nirudi kwa miguu."

Ambrosi alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Thadeus.

"Bwana Thadeus, Faustin yumo kwenye gari. Kila siku nampeleka stesheni."

"Si ndivyo ulivyoandika?"

"Niliandika uongo."

Thadeus aliegemea kiti, uso umemnawiri. "Sasa si uongo tena. Endelea kumpeleka."

Wiki mbili baadaye alifika mke wa Faustin, Epifania, kutoka Kibondo, na kibunda cha nguo kichwani. Thadeus alimsomea karatasi, akamwambia Ambrosi amrudishe mama huyu stesheni. Epifania alikataa kukaa mbele. Kwenye kitalu cha saba Ambrosi alimwona kiooni akisogeza kibunda ili kupisha mtu. Mshale ukapanda. Njia nzima walizungumza Kiha huko nyuma, na Ambrosi, aliyezaliwa Kasulu, alizungusha kioo cha mlango juu asisikie.

Stesheni, Epifania alikuja dirishani.

"Shemeji, alikufa saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwa barabarani. Nilisikia mtu akiita."

"Anasema ulizima injini usikie vizuri."

Ambrosi alitazama usukani. "Nilizima."

"Halafu ukawasha."

"Nikawasha."

Epifania alijitwika kibunda chake. Alikwenda dirisha la tiketi, akakata mbili. Karani aliuliza ya pili ni ya nani, akamtazama Faustin, akamshauri mama amkalishe upande wa kivuli kwa sababu behewa lina viti vya plastiki. Walipanda. Treni iliondoka imechelewa dakika arobaini, na Ambrosi alisimama pale mpaka behewa la mwisho likapotea. Alitaka kupunga mkono, ila hakujua wangeonaje.

Kuanzia kesho yake mishale ilitulia njia nzima.

Jumatatu iliyofuata walichoma kitalu cha tisa. Hakuna aliyeita majina. Alhamisi Thadeus alimkuta Ambrosi akinywa chai kantini, akamwekea karatasi mezani. Safari hii ilikuwa na majina mawili. Ambrosi aliyasoma. Mmoja alikuwa akiimba naye besi kwaya ya Jumapili.

"Kwao wameshaambiwa?" aliuliza.

"Karatasi kwanza."

Ambrosi alitia sahihi upesi hata ikatoka imepinda, haifanani na ile ya kwanza. Thadeus aliinua karatasi kwenye mwanga, akaichunguza, akasema inatosha.