Chuo cha Kumbishia Dainess

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka na Dainess akapata divisheni wani ya pointi tatu, kila mtu wa Kitandililo aliyewahi kupita karibu na geti la chuo aligeuka mshauri. Ambao hawajawahi kupita walishauri kwa sauti kubwa zaidi.

Mimi ni shangazi yake. Naitwa Hulda, nafundisha hisabati mwaka wa ishirini na mbili huu, siku hizi Njombe mjini. Nilijua jambo moja ambalo washauri wote hawakulijua: mtoto yule alikuwa anaichoka hesabu. Hakuwa anashindwa, alikuwa anachoka, kama mtu anayeongea peke yake chumbani. Shuleni wenzake walinakili alichoandika, walimu wakasema vizuri sana, basi. Alishaanza kuniambia atasomea chochote tu, mradi asome. Maneno yale yaliniuma. Nilimtafutia chuo cha watu wenye akili wanaosoma pamoja, na dirisha la maombi lilikuwa linafungwa Ijumaa.

Bahati mbaya kaka yangu Lenard, baba yake, alishatekwa na Mzee Elius. Huyu ni mzee wa kanisa, na mwanawe Remmy yuko mwaka wa tatu kwenye chuo kimoja kikubwa huko pwani, habari ambayo haijawahi kukosekana kwenye maongezi yake yoyote, hata ya msibani.

"Pale siyo mchezo," alimwambia Lenard. "Wanaingia mia, wanamaliza thelathini."

Alisema hivyo kwa fahari, na Lenard akaitikia kwa heshima. Lenard huyohuyo akipanda mbegu mia zikaota thelathini, humfuata muuza mbegu mpaka mlangoni kwake. Remmy naye alinisimulia, huku akicheka, kwamba kwao ukipata kitabu kizuri maktaba unakificha kwenye rafu ya kilimo ili wenzako wasikione. Eti huo ndio ushindani. Kwangu huo ni wizi wa mtu aliyevaa shati lililopigwa pasi.

Alhamisi Lenard alikuwa amealika watu kuchimba viazi, na Remmy alikuwa miongoni mwao. Nami nikamwita Letisia, binti wa Mlangali niliyemfundisha zamani nikiwa huko, ambaye sasa anasoma hisabati mwaka wa pili kwenye chuo kidogo. Mzee Elius alipokisikia jina la chuo hicho, aliuliza kama kina umeme.

Kwetu mkialikana, kila mtu hushika tuta lake. Ukimaliza hukai. Unakwenda mwisho wa tuta la aliyebaki nyuma, unachimba kumfuata, mnakutana katikati. Hakuna anayefundishwa hilo, mtoto wa miaka sita analijua. Remmy alimaliza wa kwanza, akaketi juu ya gunia, akatoa simu. Bibi Cresensia, mwenye miaka sabini na ushee, alimpita pale na jembe lake kwenda kumpokea mwingine, na kijana akasogeza miguu ili apite vizuri.

"Umeona kasi ile?" Lenard aliniambia. "Chuo kimemnoa."

Nilimeza jibu langu kwa sababu lilikuwa na matusi ndani.

Tulipokaa kunywa chai, Dainess aliokota kiazi akamuonyesha Remmy. "Kaka, ukikikata hiki kwa kisu mara moja unapata vipande viwili. Mara mbili, vinne. Mara tatu, vinane. Ukikata mara nne, bila kuvitenganisha vipande, vingi kabisa vitakuwa vingapi? Mimi nasema kumi na sita."

Remmy alitabasamu. "Jibu ninalo. Siyo hilo. Ukifika chuoni utajua."

Akarudi kwenye simu yake. Sijui kwa nini sikumpiga na ungo.

"Kumi na tano," alisema Letisia kutoka upande wa pili.

"Kumi na sita, dada. Inazidishwa mara mbili kila mara."

"Nani kakwambia itaendelea hivyo?"

Dainess alikigeuza kile kiazi mkononi, akikikagua upya. Nilimtazama usoni, muda mrefu sikuwa nimemuona hivyo. Letisia alihamia karibu yake, akampa kisu. "Sikwambii sababu. Kata, tuone."

Walikata viazi vitano. Walibishana mpaka chai ikapoa, Dainess akimwambia Letisia kwamba amekosea, Letisia akikubali kosa moja na kukataa mengine mawili. Lenard alilalamika kwamba wanamharibia mazao. Mwishowe Dainess aliinua macho. "Kisu cha nne hakiwezi kupita kwenye vipande vyote vinane. Kimoja lazima kiponyoke kisigawanyike, ndiyo maana ni kumi na tano." Letisia alicheka, akamwomba amueleze Bibi Cresensia mpaka aelewe. Bibi alielewa.

Ijumaa asubuhi tulikuwa Makambako, kwenye stationari ya Geofrey, kijana anayejazia watu maombi. Lenard alishamtajia chuo cha Remmy, na Geofrey alikuwa na kidole juu ya kitufe.

"Subiri," nilisema, nikamwaga yote niliyokuwa nimeyabeba tangu jana. Nilimsema Remmy, gunia lake na vitabu vyake vya rafu ya kilimo. Nilimsema Mzee Elius. Nilisema mtu anayejua kwamba mwenzake amekosea akanyamaza hafai kuitwa msomi. Watu wawili waliokuwa wanasubiri kutoa kopi waliacha kuongea, na nikajiona nimesema vizuri.

"Wewe mwenyewe unasemaje?" Lenard alimuuliza binti yake.

Dainess alikuwa anaangalia mikono yake. "Baba, Remmy alijua nimekosea, akanyamaza. Letisia alinibishia. Nataka huko kwa Letisia." Akanitupia jicho. "Jumatatu nilimuuliza Shangazi swali lilelile. Aliniambia kumi na sita ni sawa kabisa."

Ni kweli, nilimwambia hivyo. Sikuwa nimehesabu. Nilikuwa napika, na mtoto ana akili, nikadhani atakuwa sahihi.

"Shangazi hajanibishia tangu kidato cha tatu," aliendelea, kwa upole kabisa, na upole ule ndio ulionimaliza. "Nikimuonyesha kitu anasema sawa. Najua haangalii."

Hakukuwa na mahali pa kutazama mle ndani isipokuwa ukuta wa picha za paspoti. Ishirini na mbili, miaka ishirini na mbili ya chaki, na mtoto wangu niliyekuwa najigamba kumuelewa alikuwa anaongea peke yake chumbani huku mimi nimekaa mlango wa pili nikiitikia.

"Badilisha," Lenard alimwambia Geofrey. "Andika hicho kidogo."

Geofrey aliandika, akabonyeza, akatukabidhi karatasi. Tulipotoka nje Dainess alitembea kando yangu, kisha akauliza, "Shangazi, uliielewa ile sababu ya kumi na tano?"

"Ndiyo" ilikuwa tayari mdomoni. Imekaa hapo miaka mingi.

"Hapana," nilisema.

Akanishika mkono, akanivusha barabara mpaka kwa mama muuza chipsi, akamwomba kiazi kimoja kibichi na kisu.