Kijiti cha Kunyooshea

Mti uliopindika, Guylain huulowesha siku nzima, huufunga kwenye nguzo iliyonyooka kwa nyuzi za mpira wa baiskeli, kisha hukaa karibu akisikiliza. Mti hulia kabla ya kuvunjika. Ni sauti ndogo, kama mtu anayemeza mate. Ukiisikia, unalegeza. Hakuna aliyemfundisha. Kwa miaka kumi na minne watu wa Mushaki wamekuwa wakiteremka Sake na chukudu zake, zile baiskeli za mbao zisizo na pedeli, magunia ya viazi mbele na goti moja juu ya ubao, na hakuna usukani uliowahi kuvunjikia mtu mkononi.

Mwaka jana uume wake ulifanya fundo gumu chini ya ngozi, ukaanza kupinda kushoto kama ndoano. Maumivu yalikuwa makali hata yeye na mkewe Consolée wakaacha kukutana. Daktari wa mjini alimweleza kwa kirefu, akamchorea kwenye karatasi: tutaunyoosha, lakini utapungua urefu, na ganzi inaweza kubaki miezi mingi, pengine zaidi. Guylain alishika neno la kwanza tu.

Sasa yalikuwa yamepita majuma kumi tangu apasuliwe. Uume ulikuwa umepungua upana wa vidole viwili, bado ulielemea kushoto kidogo, na kichwa chake hakikuhisi kitu, si maji ya baridi, si ukucha. Daktari alimwambia kwa simu asikate tamaa. Aunyooshe kwa mkono, polepole, dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni. Na aongee na mkewe.

Kunyoosha alikunyoosha. Kuongea na mkewe hakuongea. Alihamishia godoro kwenye karakana.

Alhamisi Consolée alimletea chai huko, akakaa juu ya mbao, akamwita kwa jina la mtoto wao kama kawaida.

"Papa Kétsia, doktere alishamaliza kazi yake. Juu ya nini bado unalala huku na maranda ya mbao? Iko muntu kule Sake?"

"Hakuna muntu."

"Basi unionyeshe."

"Bado kidogo, Mama Kétsia. Dimanche."

Consolée aliinuka. "Sawa. Dimanche. Kama si vile, kesho yake, lundi, niko naenda Ngungu kwa bakaka yangu, na nitabaambia yote. Sitabakia mu nyumba ya muntu anayenikimbia."

Alipotoka, Guylain alichukua kipande cha mkaratusi, akakipiga randa mpaka kikawa laini kama kijiko. Alikuwa na siku tatu mpaka Jumapili, na kunyoosha kwa mkono hakukuwa kumesaidia kitu kwa majuma. Daktari hakumkataza kufunga, maana hakuna aliyewahi kumuuliza jambo hilo. Alifunga uume kwenye kijiti hicho kwa uzi wa mpira, dakika kumi kwa saa ya simu. Alipofungua, ulikuwa umenyooka kwa muda mfupi. Ijumaa alifanya dakika ishirini. Hakukuwa na maumivu, na hilo alilichukua kuwa dalili njema.

Jumamosi mchana ukungu ulishuka hadi kwenye mabati. Ng'ombe wa mlimani waliacha kulia. Guylain aliona barabara haina mtu, akajifunga, safari hii kwa mizunguko mingi zaidi, akavaa aproni na kuketi kwenye kigoda. Nusu saa, alijiambia. Mbele yake usukani mbichi ulikuwa umefungwa kwenye nguzo yake.

Mvua ilianza, na pamoja nayo akaingia Papa Edmond, muuza makaa, aliyekuja kuulizia chukudu yake.

"Guylain! Uko unaatamia mayai? Simama usalimie bakubwa."

"Mugongo, Papa Edmond. Chukudu yenu iko pale. Mutaibeba."

"Mugongo, ao madame alikupiga?" Alicheka, akakaa chini kabisa, akakamua maji kofiani. "Nitangojea mvua ipite. Kule chini kuna barrière ingine, bamefunga barabara. Na tangu asubuhi bombe iko nalia upande wa Mubambiro. Nilihesabu saba."

Mlio wa nane ulikuja, mzito, ukatikisa misumari kwenye kopo. Edmond akaendelea: barabara, bei ya makaa, binti yake aliyeposwa. Guylain aliitikia. Jasho lilimtoka kifuani. Chini ya aproni hakuhisi kitu. Alijaribu kuangalia simu, ilikuwa mezani, mbali na mkono.

"Guylain," Edmond alisema ghafla, akageuza sikio. "Mti yako iko nalia."

Naye aliisikia, ile sauti ndogo. Alipaswa kuinuka, kupiga hatua mbili na kulegeza mpira. Hakuinuka. Alibaki ameukodolea macho usukani, akifikiria kitu kilichofungwa vilevile chini ya nguo yake, ambacho kisingelia hata kidogo. Usukani ukapasuka katikati.

Edmond alisimama. "Kaka, weye uko mugonjwa," alisema polepole, bila mzaha tena. Akaitwaa chukudu yake, akatoka nayo mvuani.

Saa ya simu ilionyesha dakika sabini na tano zimepita.

Guylain alifunua aproni. Rangi ilikuwa ya zambarau iliyoelekea nyeusi, na mpira haukuonekana tena. Nyama ilikuwa imevimba na kuumeza. Alitafuta fundo kwa vidole, vikateleza. Alijaribu kisu, hakikupata pa kuingia. Alijua kwamba akijaribu tena atajikata na hatajua.

Basi akaita kwa nguvu, jina ambalo hakuwa amelitumia tangu harusi. "Consolée!"

Aliingia mbio, akaona yote kwa mara moja: kijiti, ufupi, kovu, weusi. Hakupiga kelele. Alichukua wembe mpya kwenye kopo la misumari, akapiga magoti.

"Usitikisike." Alikata uzi mmoja mmoja. Ulipoanguka wa mwisho, weusi haukuondoka. "Kumbe njo hii ulikuwa unanificha? Hii tu?"

"Nilitaka ikuwe muzuri dimanche."

"Nani alikuomba dimanche? Weye njo ulisema." Alikuwa akilia, na mikono yake haikusimama, ilikuwa tayari inamfunika blanketi. "Hospitali iko Sake. Pikipiki haiwezi kupanda na hii matope. Kaa pale."

Alimwonyesha chukudu mpya, isiyopakwa rangi bado.

"Mwanamuke hapandake chukudu..."

"Kaa, Guylain. Nani alikuwa nashikiliaka ya baba yangu kule Ngungu?"

Alimketisha mbele penye magunia, akakunja kitenge, akaweka goti juu ya ubao. Barabara ilishuka ndani ya ukungu, nyekundu na inayoteleza. Upande wa Mubambiro bomu lililia tena, karibu zaidi. Kila kona Consolée alikanyaga breki, akauliza.

"Unasikia kitu?"

"Bado."

Kona ya pili, bado. Kwenye kona ya tatu Guylain alidhani kuna mchomo wa sindano moja, mbali sana, au labda ni baridi tu. Angeweza kumwambia ndiyo. Chini kabisa walianza kuona moto wa kizuizi na watu wamesimama kuuzunguka.

"Guylain. Unasikia?"

"Sijui," alisema. "Kweli, sijui."

Consolée akaondoa mguu kwenye breki, chukudu ikashika kasi kuelekea kizuizi.