Kipandio Kilichozidi Wenzake

Tangu asubuhi Mzee Futi hakukaa. Alisogeza viti vya sebuleni, akavirudisha. Alifungua bomba la jikoni asikilize kama linavuja, akalifunga, akalifungua tena. Mkewe alikaa dirishani, magoti yamefungwa bandeji, akimtazama tu.

"Baba, utaichosha nyumba kabla wenyewe hawajaja."

"Wenyewe ni sisi."

Daktari alishamkataza mama huyo kupanda ngazi, na vyumba vya kulala na bafu vyote vilikuwa juu. Binti yao alikuwa amewatafutia nyumba isiyo na ghorofa, jirani na kwake. Mzee alikubali hii iuzwe, lakini alikubali kwa mdomo. Aliijenga mwenyewe, akiwasimamia mafundi na futi kamba mkononi, akipima hata kilichokwisha kupimwa. Ndio waliompa jina.

Dalali alifika na wateja wawili, nesi mjamzito na mumewe. Akasoma kwenye simu: "Nyumba ya familia, vyumba vinne, kisima, ukuta pande zote, nafasi ya magari mawili."

"Yakiwa ya kuchezea," Mzee alisema. "Na chumba cha nyuma kinaota ukungu. Mvua ikinyesha, bati la kibarazani halikuachi usikie redio."

Dalali akacheka kwa taabu. "Mzee ana utani."

"Utani gani? Nenda kanuse."

Alitaka wakate tamaa waondoke. Kumbe mume akamgeukia mkewe. "Huyu hatatuficha kitu. Nimeipenda."

Mzee akazidi kuzungukazunguka. Kasoro moja hakuitaja, kwa kuwa nyumbani humo haikuhesabiwa kasoro. Karibu na juu, kipandio kimoja cha ngazi kilizidi wenzake kimo. Fundi alikosea, na zege likakauka. Watoto walikizoea kabla hawajajua kusema vizuri. Kila mtu wa nyumba hiyo aliinua goti hapo bila kutazama, hata akiwa na ndoo kichwani. Wageni ndio waliojikwaa.

Nesi naye, akipanda na mumewe kuona vyumba vya juu, akajikwaa. Mumewe akamdaka mkono.

"Karibu kwetu, mwanangu," mama alicheka kutoka chini. "Sasa umeshakuwa wa humu. Ngoja nikuonyeshe dirisha linaloleta upepo."

Kabla hawajamzuia alikuwa ameshaanza kupanda, ameshika ukuta. Alipofika kwenye kipandio kile, mguu wake ukakigonga kama mguu wa mgeni. Akaangukia mikono.

Hakuna aliyecheka. Nesi alishuka, akamgusagusa viganja na magoti, akasema hajavunjika. Mzee alikaa kwenye ngazi kando ya mkewe. Ndiyo mara ya kwanza kukaa siku hiyo.

"Nilijua kipo," mkewe alisema taratibu. "Nimeuambia mguu upande, Baba. Umekataa."

Mzee alitoa futi kamba mfukoni, akapima kipandio, ingawa kimo chake alikijua.

"Dalali, andika na hiki. Kimezidi inchi mbili."

"Mzee wangu, hilo tutaliongea pembeni."

"Pembeni kwa nini? Watu wana mtoto njiani." Akamgeukia nesi. "Mwite fundi akivunje, akimwage upya kabla hamjahamia. Msikubali kukizoea."

Akamsaidia mkewe kushuka, akitangulia yeye, kinyumenyume.

"Hiyo nyumba ya chini tunayohamia," alimwuliza, "ina kizingiti mlangoni?"

"Si ulikwenda kuiona?"

"Niliiona. Sikuipima."