Mtoto wa Sitini na Nane

Lavon Pettaway hajapata kufundisha hata kuku kurudi bandani, lakini ukiingia sebuleni kwake msimu wa mpira bila kumwita Kocha, hakuitikii. Kazi yake ni kuuza magodoro kwenye barabara kuu ya kwenda Montgomery. Shuleni aliibebea timu chupa za maji mwaka mmoja, akatimuliwa kwa sababu alikuwa anakunywa kuliko wachezaji. Huo ndio mpira wake wote, hakuna mwingine. Ila mpe pedi ya gemu mkononi, umkalishe kwenye kile kiti chake cha kuinua miguu, basi tena! Kofia ya kocha hiyo, filimbi shingoni hiyo, na mdomo, Mungu apishe mbali.

Gemu yenyewe ni ile ya mpira wa vyuo, mpira wetu wa helmeti, unaorushwa na kudakwa kwa mikono. Vyuo vyote vimo. Na siku hizi hata vijana wenyewe wamo kwa majina yao na sura zao, wakilipwa chochote kwa hilo, na kila mmoja kabandikwa namba ya ubora, mia ikiwa ndiyo mwisho. Keldric, mtoto pekee wa Lavon, ni mdakaji katika timu ya Tallahoka, mwaka wake wa pili. Kwenye gemu walimpa sitini na nane.

Lavon alipoiona namba hiyo alitukana wiki nzima. Aliwatukana watengeneza gemu, na mama zao, na mbwa wao. Halafu, taratibu, akaanza kuiamini. Hebu niambie wewe. Mtu amemlea mtoto tangu nepi, amemfundisha kuendesha baiskeli, halafu mashine inakuja kumwambia mtoto wake ana thamani gani, na yeye anasema kweli eh, sitini na nane.

Sasa yupo Dewitt, kaka wa mkewe, dereva wa basi la shule, mtu mpole mwenye kitambi. Dewitt na Lavon wana ligi yao ndani ya gemu, kila mmoja anachezea kwake kupitia mtandao. Lavon ni kocha wa Tallahoka, jezi za rangi ya damu ya mzee. Dewitt ni kocha wa Braxton, jezi za rangi ya chungwa. Vyuo hivyo viwili havipikiki chungu kimoja, na hapa kwetu ndoa zimevunjika kwa sababu hiyo. Mwaka mzima wanacheza na mashine, lakini kila Novemba, alasiri ya Sikukuu ya Shukrani, bata mzinga akishaliwa, wanakutana ana kwa ana. Atakayeshindwa huvaa jezi ya mwenzake Jumapili kanisani, na mchungaji humsimamisha mbele ya watu. Miaka miwili mfululizo aliyesimama alikuwa Lavon. Kwaya nzima ilicheka mpaka mpiga kinanda akapotea njia ya wimbo.

Kwa hiyo mwaka huu aliapa. Liwalo na liwe, hatavaa chungwa mara ya tatu. Na katika kiapo hicho akafanya jambo ambalo hakumwambia mtu, hata mkewe Ernestine. Mwezi wa Septemba, Keldric wa kwenye gemu aliangusha mipira mitatu katika mechi moja. Lavon akatupa pedi sakafuni, akaingia kwenye orodha ya timu, akamfukuza. Akambonyeza mtoto wake wa kumzaa, akatoka. Gemu ikamuuliza ana hakika? Akajibu ana hakika.

Siku ya sikukuu nyumba ilinukia pai ya viazi vitamu na mboga za majani zilizochemshwa na nyama ya nguruwe ya moshi. Keldric alikuja kutoka chuoni; kocha wake, kocha wa kweli, alikuwa amewapa ruhusa ya kula makwao na kurudi bwenini jioni. Na alikuja na jambo, tena jambo kubwa. Tangu ajiunge na chuo hajawahi kuanza mechi, amekuwa mtu wa benchi. Sasa Jumamosi, Tallahoka na Braxton, mechi ambayo jimbo zima husimama kuitazama, kocha alikuwa amemwambia ataanza. Kila mchezaji hupewa nafasi mbili za jamaa, pale chini karibu na uwanja. Moja ya mama, moja ya baba. Mama alishaambiwa jikoni, akalia juu ya makaroni. Baba alikuwa bado, maana kijana alitaka kumwambia mwenyewe, na alitaka aone uso wake.

"Baba, nina neno."

"Baada ya mechi."

"Ni fupi tu."

"Keldric, unaona nimevaa filimbi?" Lavon hakugeuza hata shingo. Moyoni alishajua: kijana anataka hela. Vijana wa chuo wakisema wana neno, neno ni hela. "Kaa hapo ujifunze mpira."

Kijana anayefanya mazoezi kila alfajiri mpaka anatapika akaambiwa ajifunze mpira na muuza magodoro. Akakaa.

Dewitt aliingia na mfuko wa plastiki, akauweka chini ya kiti.

"Mfuko wa nini huo, shemeji?" Lavon akauliza.

"Utaujua."

"Kama ni chungwa ulilonunua, lirudishe dukani mapema. Leo nakuchapa mpaka basi lako lipate pancha."

"Sawa, Kocha."

Dewitt alikuwa ametulia kama maji ya mtungi, na hilo lingemshtua mtu mwenye akili. Kocha mwenye akili pia angekuwa ameipekua timu ya mpinzani wake. Lavon hakuipekua. Timu ya dereva wa basi aipekue ya nini? Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini nani atamwambia Kocha.

Mechi ikaanza. Bibi Ozella, mama yake Lavon, aliletewa kiti mbele, karibu na runinga, sahani ya pai mapajani.

"Mjukuu wangu yuko wapi humo?" akauliza. "Nionyesheni nimwone."

"Yupo benchi, Mama," Lavon akadanganya bila kupepesa. "Anapumzika."

"Anapumzika nini na hajaanza?"

"Ni mbinu, Mama."

Keldric alimtazama baba yake, kisha runinga. Benchi alishalizoea. Alijua namba yake, watu wa bwenini walikuwa wamemtania nayo mpaka wakachoka. Lakini hii ilikuwa sebule ya kwao, na yule ni baba yake, na benchi lenyewe ni la gemu tu. Ilimuuma, akaimeza.

Robo ya kwanza Lavon akaongoza, akapuliza filimbi ndani ya nyumba mpaka mtoto wa jirani akaanza kulia. Robo ya pili mrushaji wa Dewitt akaurusha mpira mbali, mbali kabisa, na mdakaji mrefu wa jezi ya chungwa akaruka kati ya walinzi wawili akaudaka kwa mkono mmoja. Ndipo mtangazaji wa gemu, yule wa ndani ya mashine asiyejua siri za watu, akapayuka: "Pettaway! Ni Pettaway!"

Uma wa Bibi Ozella ukabaki hewani.

"Kasema nani?" Bibi akauliza.

Dewitt akakohoa. "Kasema Keldric, mama."

"Keldric wetu? Mbona kavaa hayo machungwa?"

"Nilimwokota, mama. Mtu alimfukuza mwezi wa Septemba. Nikamkuta anazurura hana timu, nikasema mtoto wa dada yangu hawezi kulala nje nami nipo."

Ernestine alikuwa mlangoni na kitambaa cha vyombo. "Lavon," akasema. "Ulimfukuza mtoto?"

"Ni gemu, Ernestine!"

"Nimekuuliza, ulimfukuza?"

"Alikuwa na sitini na nane! Sitini na nane haidaki mpira! Mimi ni kocha, siendeshi nyumba ya watoto yatima hapa!"

"Sasa ana tisini na moja," Dewitt akasema polepole. Kwenye runinga namba ilikuwa pale, chini ya sura ya Keldric aliyevaa chungwa.

"Umefanyaje?" Lavon akamkodolea macho. "Umeiba? Kuna ujanja gani?"

"Hakuna ujanja. Nilimchezesha tu, shemeji. Mechi za kwanza aliangusha mingi, nikafungwa sana. Nikamchezesha tena. Anayekaa benchi namba haipandi, si unajua? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo."

Bibi Ozella akacheka kicheko kimoja kikavu. Lavon akajisikia masikio yanawaka moto. Hapo ndipo mtu mzima angeiweka pedi chini, akageuka, akamwambia mwanawe samahani, nimefanya upuuzi. Mlango ulikuwa wazi. Lakini hapana. Kichwani mwake ilikuwamo Jumapili tu, na kwaya, na ile rangi. Akaikaza kofia yake.

Robo ya nne ilifika wakiwa karibu sawa, Lavon mbele kidogo, na saa ya gemu inakwisha. Dewitt akarusha mara ya mwisho. Mpira ukatua mikononi mwa namba kumi na saba, Keldric wa chungwa, akageuka, akaanza kukimbia, na mbele yake uwanja mweupe.

Lavon akasimama. Alisahau watu, akasahau sikukuu. "Mkamateni! Mkamateni huyo mbwa! Mvunjeni miguu! Mvunje! Mvunje!"

Namba kumi na saba akavuka mstari wa mwisho. Saa ikasoma sifuri.

Keldric alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Goti lake la kushoto lilipasuliwa alipokuwa kidato cha mwisho, na baba yake ndiye aliyekuwa akimbeba kwenda msalani mwezi mzima. Labda Lavon aliukumbuka mwezi ule wakati huo, maana macho yake yalishuka kwenye goti lile.

"Nilikuwa namwambia yule wa ndani," akasema.

"Najua, Baba."

"Sikukuambia wewe."

"Najua." Kijana akavaa koti. Hakufoka, na afadhali angefoka. "Mjomba, Jumamosi una kazi?"

"Sina," Dewitt akasema.

"Naanza mechi. Nina nafasi mbili za jamaa. Mama atachukua moja. Ila itabidi uvae yetu, kule huwezi kukaa na chungwa."

Dewitt ni mtu ambaye aliwahi kukataa kuvaa shati la arusi kwa sababu lilikuwa na kola ya damu ya mzee. Alimtazama shemeji yake, akatazama chini, macho yamelowa. "Nitavaa," akasema.

"Unaanza?" Lavon akasema. "Unaanza Jumamosi? Mbona hukuniambia?"

Ernestine alikuwa ameshaenda kumfungia mwanawe pai.

Dewitt hakutaka kabisa kuufungua ule mfuko. Ni Lavon aliyeung'ang'ania, kwa kiburi chake, dau ni dau, asije akaonewa huruma na dereva wa basi. Ndani mlikuwa na jezi ya rangi ya chungwa, kumi na saba, na mgongoni imechapwa kwa herufi kubwa: PETTAWAY.

Jumamosi Lavon alibaki nyumbani peke yake, na Bibi Ozella alikataa hata kuja kuangalia naye. Akaketi kwenye kiti kilekile. Keldric aliangusha mpira wa kwanza waliomrushia, na Lavon akasema kwa sauti, katika nyumba tupu, "Sitini na nane." Akajisikia akiitaja namba ile. Akaiondoa kofia, akaitupa huko. Kisha kijana akadaka mmoja, akadaka mwingine, akadaka wa tatu huku amebebwa na walinzi wawili, na Lavon akagundua vidole gumba vyake vinabonyeza hewa. Kamera ikaonyesha jukwaa la jamaa: Ernestine anaruka, na pembeni yake mwanamume mwenye kitambi ndani ya damu ya mzee, analia mdomo wazi. Tallahoka walishindwa kwa alama chache. Haikuonekana kuwapunguzia furaha wale wawili.

Jumapili mchungaji aliuliza kama desturi, kwa mzaha, dau la mwaka huu limemwangukia nani. Lavon akasimama ndani ya jezi ile ya chungwa, akageuka polepole ili watu waone mgongo, kama ilivyo kawaida. Mwaka juzi walicheka, na mwaka jana walicheka zaidi. Akasubiri.

"Lavon," akauliza Mzee Hosea, shemasi, mtu asiyejua gemu ni nini. "Hilo jina si la kijana wetu? Jana kacheza kiume yule! Nilimwona Ernestine pale chini, na shemeji yako. Wewe walikukalisha upande gani?"

Lavon akatazama kwaya. Mpiga kinanda alikuwa ameinamisha kichwa.

"Sikuwapo," akasema.

Kanisa zima hakucheka mtu. Akabaki amesimama, hajui kama amesharuhusiwa kukaa, mpaka mama yake akamvuta jezi kwa nyuma, pale penye jina, akasema, "Kaa chini, wewe."