Tumbawe Lililong'aa Kupita Kiasi

Chumba cha matumbawe kilikuwa chini ya duka, ngazi kumi na nne, na hakikuwa na dirisha hata la kupitisha mkono. Ukuta kwa ukuta yalipangwa matangi ya kioo, na juu ya kila tangi iliwaka taa ya buluu. Ukiingia humo mara ya kwanza utashika mdomo: matumbawe yanawaka kijani, machungwa na waridi, utadhani kuna harusi chini ya maji. Ukikaa humo mwaka mmoja na miezi mitatu, kama alivyokaa mpigapicha wa duka, unasahau hata rangi ya blauzi uliyoivaa asubuhi.

Walimwita Jicho. Jina hilo alipewa na Tajiri, mwenye duka. Kazi yake ilikuwa kuyapiga picha matumbawe, ziwekwe mtandaoni wateja wachague, na kazi hiyo haitaki pupa. Unazima pampu kwanza ili maji yatulie, vidole vya tumbawe viache kuchezacheza. Unafuta kioo. Unaisimamisha kamera uso kwa uso na kioo, maana ukiipinda kidogo tu picha inatoka na ukungu. Na hapo bado hujashinda, kwa kuwa ile taa huimeza kamera nzima nzima, kila kitu kikatoka buluu kama wino uliomwagika. Dawa yake Jicho aliivumbua mwenyewe: karatasi ya peremende, ile angavu ya rangi ya machungwa, aliyoikuta mkobani mwake ilimofichwa na binti yake. Akiibandika kwenye lenzi, buluu inanywea, rangi nyingine zinajitokeza. Mwalimu wake wa darasa la jioni la upigaji picha alipoiona alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Wenzako wananunua vichungi vya lenzi, wewe unalamba peremende!" Kisha akampa alama zote.

Huyo binti alikuwa na miaka minne. Kwa kazi na darasa, Jicho alimwacha amelala na kumrudia amelala. Walichobakiza ni simu ya video ya saa saba mchana, ambayo mdogo wake Jicho, aliyekaa na mtoto, hakuikosa hata siku moja. Na kila siku swali lilikuwa lile lile.

"Mama, kwa nini wewe ni buluu?"

"Niko baharini, mwanangu."

"Si utoke!"

Atoke vipi? Njia ilikuwa moja. Juu, kwenye kaunta, kulikuwa na nafasi wazi. Kaunta ile ilitazama dirisha kubwa la barabarani, na zamu yake iliisha saa tisa alasiri, mtoto akiwa bado anacheza. Tajiri alikuwa amesema kwa kinywa chake: "Daktari wa meno anatafuta tumbawe la kuweka pale wagonjwa wake wanaposubiri. Nipigie picha ya lile kubwa, imtoe macho. Akilichukua, Jumatatu uko juu."

Basi kwa wiki mbili, kila asubuhi, Jicho aliishusha taa ya tangi lile upana wa ukucha na kuipandisha nguvu kidogo. Hakumwambia mtu. Tumbawe nalo likazidi kuwaka, likafika kijani ambacho hata yeye hakuwahi kukipiga. Alhamisi akabandika karatasi yake, akabofya mara moja, ikatosha. Akamwita fundi wa maji, aliyetunza matangi, aje aone.

Fundi wa maji alikuwa na maneno kama redio. "Eeh, dada! Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, hiki chetu kimejiwashia na taa!" Halafu akaacha utani. Akasogeza uso kwenye kioo. "Hebu nipe tochi ya simu."

Chini ya mwanga mweupe tumbawe lilikuwa limepauka. Mfupa wake ulionekana kupitia ngozi.

"Linaungua," fundi akasema. "Likizidiwa na mwanga linapoteza ile kahawia yake, na hiyo kahawia ndiyo inayolilisha. Inabaki hii ya kung'aa peke yake. Unadhani linacheka, kumbe linalia. Nani ameishusha taa?"

Pampu zilikuwa zimezimwa. Jicho akaiweka kamera chini.

"Mimi."

Fundi hakumkemea. Afadhali angemkemea.

"Litapona?"

"Likipumzishwa kwenye mwanga hafifu, miezi miwili mitatu, pengine. Likisafirishwa hivi lilivyo, halimalizi wiki."

Ngazi zikalia. Tajiri huyo, akaiona picha kwenye kamera, akapiga kofi. "Hii ndiyo! Mtumie sasa hivi."

"Tajiri, linaumwa. Ukilimulika kwa tochi..."

"Nani anatembea na tochi? Yule anachungulia meno, hachungulii matumbawe. Tuma, kisha upande ukaione kaunta yako." Akarudi juu, na mlango ukajifunga nyuma yake, ko!

Jicho akabaki na simu mkononi, picha imeshahamia humo. Kubofya mara moja tu, na dirisha lile ni lake. Nani angejua? Tumbawe halina mdomo wa kusema. Akaliona katika chumba cha daktari baada ya siku kumi, jeupe kama meno, na mtoto wa mtu akimuuliza mama yake limepatwa na nini. Alikuwa amemchoma kiumbe asiyeweza kukimbia, ili yeye apate kutoka.

"Fundi, zima buluu. Washa nyeupe."

Akabandua karatasi, akapiga picha ya pili, akazituma zote mbili pamoja na maneno haya: *Ya kwanza ni kwa taa ya buluu. Ya pili ni kwa mwanga wa kawaida, ndivyo lilivyo leo. Linaumwa, na taa niliishusha mimi. Tafadhali usilichukue kabla halijapona.*

Haikupita nusu saa, mlango wa juu ukafunguka.

"Jicho! Kaunta umeipiga teke mwenyewe, nampa mtu mwingine! Na huyo daktari wako eti atasubiri! Eti anataka picha kila Ijumaa, kwa mwanga mweupe! Sasa utakaa humo na jiwe lako mpaka lipone!"

Ko!

"Angalau hajakufukuza," fundi akanong'ona, akapanda kiti kuivuta taa juu. Kona ile ikawa giza zaidi. Jicho akaegemeza paji la uso kwenye kioo. Walikuwa wawili sasa, yeye na tumbawe, hakuna wa kumtoa mwenzake.

Simu ikalia. Saa saba.

"Mama, kwa nini wewe—"

"Ngoja." Akaichukua ile karatasi ya peremende, akaibandika kwenye kijicho cha simu.

Upande wa pili mtoto akakodoa macho. Kisha kelele: "Mama! Umetoka!"

"Bado, mwanangu," akasema. "Bado nimo. Ila unaniona?"

Mtoto akasogeza uso mpaka pua ikajaa skrini, akamkagua mama yake taratibu.

"Nakuona. Hujachana nywele."